Mama mdogo hakuwepo siku ya kuandikwa

SEHEMU YA KWANZA

Najua nilipotea. Nilikuwa na zamu za usiku mfululizo, na nikitoka usiku huwa siandiki kitu: naoga, nakunywa uji, nalala mpaka watoto warudi shule. Leo nipo ofu. Mvua inanyesha hapa Sumbawanga tangu saa tisa usiku, na mvua ya namna hii ikinyesha mimi usingizi sina. Kwa hiyo leo naandika ile habari ya mafuriko ya bondeni niliyoahidi zamani. Ni ndefu, nitaigawa.

Kwa wasioijua Rukwa, sisi wa mjini tuko juu. Uwanda wa Ufipa hapa kwetu uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana Juni na Julai mnatuona na makoti mnacheka. Ukitoka mjini ukapita Ntendo kwenda Muze, unafika mahali ardhi inakatika. Ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa unashuka, barabara inajikunja, masikio yanaziba, na chini unaliona bonde lote na Ziwa Rukwa linang'aa kwa mbali. Kule chini ni kama mita 800 tu. Joto, mbu, mpunga, samaki, ng'ombe. Na lile ziwa halina mto unaotoka. Maji yakiingia yanabaki humo mpaka jua liyanyonye, au ziwa litanuke lifuate watu majumbani.

Sasa sikieni. Mvua ikinyesha huku juu, sisi tunavuta blanketi tunasema Mungu ametukumbuka, mahindi yatapona. Maji yenyewe hayakai huku. Yanateremka. Mtu wa bondeni anaweza kulala nyota zote zinaonekana, halafu usiku akaamshwa na maji ya mvua ambayo hata hakuisikia ikinyesha. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu mdogo.

Ilikuwa Machi, miaka michache iliyopita. Kijiji sitakitaja, mbele mtaona kwa nini. Simu ilinikuta wodini kama saa kumi na moja alfajiri, naandaa dawa za asubuhi. Namba siijui. Nikapokea.

"Mwanangu, tuko shuleni. Kuku wamekwisha."

Hakuanza na nyumba. Alianza na kuku. Nikamuuliza, shikamoo mama, nyumba je? Akasema ukuta wa jikoni umelala, chumba kikubwa kimesimama lakini maji yamo ndani mpaka kwenye kitanda. Mahindi? Yamelowa yote, na mpunga shambani hauonekani. Dawa zako za presha?

"Zilikuwa kwenye kikapu. Kikapu kimekwenda."

Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayarudia kichwani: "Mama, usikae hapo. Panda gari lolote uje huku kwangu." Mimi nesi, nina mshahara, nina chumba cha ziada. Dada wa mama yangu alale chini kwenye darasa, na watu sitini, choo kimoja, kwa nini? Barabara ilikuwa imekatika kwenye korongo. Akavushwa kwa mgongo, akapanda bodaboda, akamalizia na lori la mpunga. Alifika siku ya tatu. Nikajiona nimefanya jambo jema kabisa.

SEHEMU YA PILI

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpima. 190 kwa 110. Siku tatu bila dawa, bila kulala, na kutembea kwenye maji. Miguuni alikuwa na michubuko ambayo hata hakujua ameipata wapi, kidole kimoja kimeanza kuvimba. Nikamsafisha, nikampeleka akachomwa sindano ya pepopunda, dawa za presha zikaanza upya. Ndani ya siku chache presha ikawa inashuka. Kwa upande wa hospitali nilikuwa nashinda.

Upande mwingine nilikuwa nashindwa. Mama mdogo alikuwa anatetemeka. Mtu aliyeishi bondeni miaka thelathini, ukimleta huku juu kwenye mvua ya Machi anaona kama umemweka kwenye friji. Alivaa masweta yangu mawili na kitenge juu. Na hakulala. Nikirudi zamu ya usiku nilimkuta amekaa kitandani, anasikiliza mvua juu ya bati. Siku moja akaniuliza, "Maji ya hapa kwenu huwa yanakwenda wapi?"

Nilinyamaza. Nilijua yanakwenda wapi.

Siku ya sita jirani yake akapiga simu. Wamekuja watu wa serikali na wa Msalaba Mwekundu, wameandika kaya jana shuleni, leo wanagawa. Unga, maharage, mafuta, mablanketi, ndoo, sabuni, na turubai kwa walioangukiwa na nyumba. Mama mdogo hayumo. Jirani alijaribu kumtaja. Aliyekuwa anaandika akajibu, "Huyo ana mtu mjini."

Jamani. Sitasahau yale maneno. Kwa sababu yalikuwa kweli. Mtu wa mjini ndiye mimi, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye foleni.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nikapiga simu huku na huku, nikaongea vibaya na mtu mmoja ambaye baadaye nilimwomba radhi. Halafu nikachukua ofu zangu, nikateremka mwenyewe.

SEHEMU YA TATU

Nilimkuta yule mwandikaji chini ya mwembe, na daftari la kaunta limevimba kwa maji, kurasa zimeshikana. Kumbe na yeye alikuwa analala darasa la tano na watoto wake. Alikuwa ameandika vitongoji vyote kwa siku moja na nusu, kwa mkono, huku watu wanamvuta shati. Hasira yangu ikapungua nusu. Nusu nyingine ilibaki, nisiwadanganye.

Nilikaa naye karibu saa mbili. Akanionyesha jinsi kazi inavyokwenda, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wenye wazazi vijijini.

Msaada wa maafa haumfuati mtu aliyeumia. Unafuata jina lililoandikwa. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji. Ya wilaya anaiongoza Mkuu wa Wilaya. Kwa karatasi ni ngazi nzuri kabisa. Lakini taarifa inapanda kutoka chini, na chini kabisa ni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na kalamu moja. Kama jina lako halikuingia pale, kule juu wewe hukuumia. Idadi ya kaya inayotajwa kwenye redio ni ya kaya zilizoandikwa.

Mnakumbuka Aprili 2024, Waziri Mkuu Majaliwa aliposimama bungeni akasema mvua za msimu ule zimeua watu 155, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika, watu zaidi ya 200,000? Nilikuwa kantini nakunywa chai. Wenzangu waliguna kwa ukubwa wa namba. Mimi nilikuwa nawaza wangapi walikuwa kwa dada zao siku ya kuandikwa.

Maana wengi ndiko wanakokwenda. Sisi si watu wa kambi. Maji yakikutoa unakwenda kwa kaka, kwa shemeji, kwa binamu wa mume. Wanaobaki shuleni ni wale wasio na pa kwenda, na ni haki waanze wao, sibishi. Lakini aliyekwenda kwa ndugu hajaacha kupoteza mahindi yake. Na yule ndugu aliyempokea sasa analisha midomo kumi kwa debe lililopimwa kwa midomo mitano, naye haandikwi popote.

Yule mwandikaji alinitajia na wengine waliokuwa wamemponyoka. Mpangaji, kwa sababu nyumba imeandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Mke wa pili, kwa sababu mume ameandikwa kwa mke mkubwa, kaya moja, blanketi moja. Wavuvi waliokuwa kambini ziwani. Wafugaji waliohamisha ng'ombe kwenda mwinuko. Mzee asiyesikia vizuri ambaye jina lake liliitwa mara mbili. Na wale ambao nyumba imesimama: mkaguzi anaona ukuta upo, anapita, haulizi ndani kuna nini. Chakula chote cha mwaka kimeoza ndani ya nyumba iliyosimama.

Kwa hiyo tulifanyaje. Nilimpigia mama mdogo picha kwenye simu, nikapiga picha ya nyumba nje na ndani, alama ya maji ukutani ikionekana, na magunia yaliyochipua. (Mahindi yaliyolowa yanachipua ndani ya gunia, yananuka kama pombe iliyoharibika.) Mwenyekiti wa kitongoji akaandika barua kwamba huyu ni mkazi, ameathirika, kwa sasa amehifadhiwa kwa ndugu mjini. Mashahidi wawili wakasaini, jirani na katekista. Mtendaji akagonga muhuri, nakala moja ikaenda kata, moja nikabaki nayo. Kwenye awamu ya pili akaingia. Alipata blanketi, ndoo, sabuni, unga kilo ishirini, na baadaye mbegu za mahindi. Wengine wa aina yake walioandikwa siku hiyo hiyo ni kaya kumi na moja, sababu yule mwandikaji alipoona barua moja inakubalika akatuma watoto wakawaite.

Ukimchukua mzazi wako kwenye mafuriko, sikukatazi, mchukue. Ila kabla hajapanda gari, jina lake liachwe kwa mwenyekiti, na namba yako ya simu pembeni. Ni dakika tano. Mimi zilinigharimu safari mbili na matusi niliyomtukana mtu asiye na kosa.

SEHEMU YA NNE

Hii ni ya kazi yangu, nitaisema haraka lakini muishike.

Mafuriko huwa yanaua mara mbili. Mara ya kwanza mnaiona kwenye televisheni. Ya pili inakuja kimya wiki zinazofuata, maji yameshashuka, watu wanasema tumepona. Vyoo vimefurika, visima vimeingiliwa, watu wanachota popote. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mtu anaharisha maji kama yaliyooshea mchele, na ndani ya saa chache macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi haraka. Huyo usimwombee kwanza, mpeleke kwanza, utamwombea njiani. Na njiani anywe. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama. Kama pakiti hakuna, sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kidogo kwa lita moja, vijiko vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na ukifika kituoni ulizia vidonge vya zinki.

Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo uchemshe au uweke dawa. Dawa kwenye maji ya tope haifanyi kazi vizuri, inapambana na tope inawaacha wadudu.

Malaria haiji siku ya mafuriko. Mpe mbu wiki chache kwenye yale madimbwi, utaona foleni ya homa zahanati. Na kuna homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi mwaka 2022. Inakuja na mkojo wa panya na wanyama kwenye maji na tope, inaingia kwenye mchubuko. Ukienda kusafisha nyumba vaa buti, kidonda kifunike. Na nyoka. Mafuriko yanamtoa na yeye nyumbani kwake, atakuwa kwenye kuni zako.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi: watu wa dawa za kila siku. Presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu, na wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Kule shuleni nilikutana na dada mmoja, nitaficha kila kitu chake, alikuwa hajameza dawa siku nane. Nilipomuuliza akaniambia kadi yake ya CTC imekwenda na maji, kwa hiyo anasubiri mpaka apate nyingine. Yaani alidhani kadi ndiyo dawa. Kingine, darasani hakuna kona ya kumezea bila kuonekana.

Tafadhali mwambieni kila mtu: kadi ikipotea, dawa haijapotea. Kituo chochote chenye kliniki ya CTC kinaweza kukupa dawa za muda kama mtu wa safari wakati kumbukumbu zako zinatafutwa ulikoandikishwa. Mama mjamzito vivyo hivyo, mwenye mtoto wa chanjo vivyo hivyo, rejesta ipo kituoni. Usikae nyumbani unasubiri karatasi ikauke. Na kama hujui uende wapi, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure. Mtu akiwa amezingirwa na maji ni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Yule dada nilimsindikiza mwenyewe. Tulitembea kama saa moja na nusu, tope mpaka magotini, tukaongea habari za mapishi tu.

SEHEMU YA TANO, YA MWISHO

Mama mdogo alikaa kwangu wiki saba. Wiki ya nane akaniambia anakwenda kwake. Nikamwambia mama, nyumba haina jiko. Akasema jiko ni mafiga matatu.

Nilitaka ahamie mjini moja kwa moja. Nilishamtafutia hata kibanda cha kuuzia dagaa kule Majengo. Hakubali. Anasema mafuriko yanaleta tope, na tope likikauka ndilo linaotesha mpunga wake, sasa mjini ataotesha nini, lami? Sikuwa na jibu. Watu wengi wa juu huku huwa wanasema "kwa nini wasihame bondeni" kama vile bondeni ni makosa. Lakini wali tunaokula mjini unatoka huko.

Hanang walipopatwa, ile tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka mlimani likaingia Katesh, nchi nzima iliona. Watu zaidi ya 80 walikufa, Mungu awapumzishe. Misaada ikaenda, na baadaye serikali na wadau wakajenga nyumba zaidi ya 100 katika kijiji cha Waret, watu wakahamia mahali salama. Nilifurahi kwa dhati. Nilijifunza kwamba inawezekana, nchi hii ikiamua inajenga. Ila mafuriko yetu ya bondeni hayaui themanini kwa siku moja. Yanachukua kuku, yanachukua mahindi, yanachukua ukuta wa jiko, mwaka huu kijiji hiki, mwaka kesho kile. Hakuna kamera inayopanda gari kutoka Dodoma kuja kuangalia ukuta wa jiko.

Kwa hiyo kilichomwinua mama mdogo kwa kiasi kikubwa kilikuwa karibu. Mbegu zile za awamu ya pili zilimsaidia kweli, alipanda palipobaki unyevu. Jirani Msukuma alimlimia kwa ng'ombe wake, malipo baada ya mavuno. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kilisogeza marejesho kwa miezi mitatu, na hapo palikuwa na ugomvi maana wawili hawakutaka. Vijana wa parokia walifyatua matofali. Mimi nilinunua bati nane na misumari. Bati zilifika sita. Sijauliza.

Ukuta wa jiko ulisimama Septemba. Sasa ameujenga kwenye msingi wa mawe, juu kidogo ya ile alama ya maji ambayo amekataa kuisugua. Fundi alitaka kuipaka chokaa, akamfukuza.

Karatasi zake zote, kitambulisho, kadi ya kliniki ya presha, ile barua yenye muhuri, ziko kwenye dumu la lita tano lililokatwa shingo, limefungwa kwa nailoni, linaning'inia kwenye kenchi juu ya kitanda. Dawa za mwezi zimo humo humo. Anashusha dumu kila asubuhi, anameza, anapandisha.

Leo alfajiri, mvua ilipoanza, nilimpigia. Akapokea kabla haijaita mara ya pili, na yeye hakuwa amelala.

"Huko kunanyesha?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo mama, tangu saa tisa.

"Hapa kukavu," akasema. "Ngoja nikawatoe kuku."